Mti Uliookolewa na Uvungu Wake

Katika jimbo la North Carolina, Marekani, kuna mto uitwao Black River, ambao maji yake ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Mwaka 2019, watafiti walioongozwa na David Stahle wa Chuo Kikuu cha Arkansas walitangaza kwamba wameupima mti mmoja uliosimama katika kinamasi cha mto huo na kuukuta una umri usiopungua miaka 2,624. Mti huo ulikuwa umekwisha kuchipua miaka mia sita kabla ya kuzaliwa Kristo. Uislamu ulipoanza, ulikuwa na zaidi ya miaka elfu moja. Meli za kwanza za Waingereza zilipofika kwenye pwani ile mwishoni mwa karne ya 16, ulikuwa umepita miaka elfu mbili, nao ulikuwa bado unaota majani mapya kila masika.

Umri huo unastaajabisha, lakini sababu ya mti kuufikia inastaajabisha zaidi. Majirani zake walionyooka na kunenepa walipasuliwa mbao zamani. Wazee wengi waliobakia kando ya mto ule ni wale wenye shina lililopinda, kilele kilichovunjwa na dhoruba na moyo uliooza hadi ukawa pango. Wakata miti walipopita, hawakuona ubao ndani yake, wakaendelea na safari. Miti hiyo haikuokolewa na sheria, wala na huruma, wala na ibada ya watu wa mahali pale. Iliokolewa na uvungu wake.

Hapo ndipo swali la kimaadili linapozuka. Ikiwa kilicho kizuri huangamizwa kwa uzuri wake na kilicho kibovu huachwa kwa ubovu wake, je, faida ni msingi wa kutosha wa kuamua kitu gani kiwepo na kipi kisiwepo? Na kama kitu hakina faida yoyote, ni nini kinachokilinda?

Mti wenyewe unastahili kuelezwa kwanza. Wataalamu wa mimea huuita Taxodium distichum. Kiswahili hakijaupa jina lililozoeleka, lakini wafasiri wa Biblia walilitumia neno mberoshi kwa mti unaotajwa pamoja na mierezi ya Lebanoni, na kwa kuwa mti huu ni wa jamaa hiyo, unaweza kuitwa mberoshi wa vinamasi. Wamarekani huuita mberoshi wenye upara. Miti mingi ya jamaa yake, yenye majani membamba kama sindano, hubaki ya kijani mwaka mzima. Huu hugeuka rangi ya kutu wakati wa vuli, ukapukutisha majani yote, na majira ya baridi ukasimama uchi kama mbuyu wakati wa kiangazi. Anayeupita bila kuujua hudhani umekufa.

Kutoka katika mizizi yake huchomoza vigutu vya mti juu ya maji, vinavyoitwa magoti. Mtu wa Lamu au wa Rufiji akiyaona, atakumbuka mizizi ya mkoko inayotokeza matopeni ili kuvuta hewa. Lakini kuhusu magoti haya wataalamu wamebishana tangu karne ya 19: wengine wamesema ni ya kupumulia, wengine ni ya kuutegemeza mti katika tope laini, na hadi leo hawajaafikiana. Yaani hata kiungo cha mti huu kinachoonekana waziwazi hakijajibu swali ambalo binadamu hupenda kuliuliza kwanza: kina kazi gani?

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Mberoshi huu huishi majini, lakini hauwezi kuzaliwa majini. Mbegu zake huchukuliwa na mkondo, ila haziwezi kuota zikiwa zimezama. Zinahitaji tope lililoachwa wazi kwa muda, na mche unahitaji kuinua kichwa kabla ya mafuriko mengine kuufunika. Kwa hiyo kinamasi ambacho maji yake hayapungui kamwe kinaweza kujaa wazee wenye afya na kisiwe na mtoto hata mmoja. Mgeni atauona msitu, kumbe ni kizazi cha mwisho.

Miti hii ilienea kutoka Delaware hadi Texas, na kwa kufuata bonde la Mississippi hadi Illinois. Katika karne ya 19 ardhi yake ilihesabiwa kuwa ardhi iliyopotea. Mwaka 1849 na mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha sheria za kuyapa majimbo ardhi za vinamasi na zile zinazofurika, kwa kuwa hazifai kulimwa, ili zikaushwe na kutumika. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iliuzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingine kwa chini ya dola moja kwa ekari. Aliyenunua ekari alinunua pia miti iliyosimama juu yake, na pamoja na miti hiyo alinunua miaka elfu ambayo muuzaji hakuitengeneza na mnunuzi asingeweza kuirudisha.

Kwa muda mrefu kinamasi chenyewe kiliilinda miti. Gogo bichi la mberoshi ni zito na huzama. Wakataji walilazimika kuchubua gome kuzunguka shina lote, kuuacha mti ukauke ukiwa umesimama, kisha kungoja mafuriko ili gogo lielee hadi mtoni. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zilifika mwishoni mwa karne hiyo: mashua zenye mashine za mvuke, zilizotia nanga katikati ya kinamasi na kuyakokota magogo kwa kamba za chuma kutoka kila upande. Mifereji iliyochimbwa na magogo hayo yakiburutwa bado inaonekana kutoka angani katika Louisiana, imetawanyika kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kufikia miaka ya 1930, karibu misitu yote ya kale ya mberoshi ilikuwa imekwisha.

Mbao hizo zilitafutwa kwa sababu moyo wake hauozi upesi. Zilifaa kwa mapaa, matangi ya maji, mashua na majeneza, na wafanyabiashara walizitangaza kwa jina la ubao wa milele. Haielekei kuwalaumu tu waliozikata. Wengi wao walikuwa watu maskini, weusi kwa weupe, walioshinda ndani ya maji hadi kiunoni, penye nyoka na homa, ili watoto wao wale. Nyumba za New Orleans zilijengwa kwa jasho lao, na baadhi zimesimama mpaka leo. Hata hivyo, jina lile la biashara lina jambo la kufikiriwa. Umilele ulikuwa wa ubao, na ulianza siku mti ulipouawa. Sifa iliyoufanya mti uishi muda mrefu ndiyo iliyoufupishia maisha.

Mwanafalsafa wa Kichina Zhuangzi, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliona jambo hili mapema. Kitabu kinachobeba jina lake kinasimulia habari za seremala aliyepita karibu na mti mkubwa mno bila kuutazama, kwa kuwa mbao zake hazifai kwa mashua, jeneza, wala mlango. Usiku mti ukamjia katika ndoto na kumweleza kwamba kutofaa kwake ndiko kulikomfikisha umri ule, na kwamba miti yenye matunda matamu huvunjwa matawi kwa utamu wake. Methali ya Kiswahili husema kizuri hakikosi ila. Katika Black River methali hiyo yapasa kusomwa kwa makini zaidi: ila si doa tu juu ya kizuri, mara nyingine ndiyo ngao yake.

Fundisho hilo ni tamu, na kwa sababu ni tamu linahitaji kupimwa. Kitabu kilekile kinasimulia pia kwamba Zhuangzi, baada ya kuupita mti mwingine ulioachwa kwa kutofaa, alifika kwa rafiki aliyetaka kumchinjia bata bukini. Walikuwa bukini wawili: mmoja anajua kulia, mwingine hajui. Aliyechinjwa ni yule asiyejua kulia. Mti uliponea kutofaa, ndege akafia kutofaa. Wanafunzi walipomuuliza mwalimu wao angesimama upande gani, alijibu kwa kicheko, kwa kuwa swali lile halina upande ulio salama. Asiye na faida hukaa kwa kusahauliwa, na kusahauliwa si haki. Ni bahati, na bahati haina mkataba na mtu.

Hakuna waliolijua hilo kuliko watu waliowahi kujificha chini ya miberoshi hiyo. Kati ya Virginia na North Carolina kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Great Dismal Swamp. Mwaka 1763 George Washington na wenzake waliunda kampuni ya kukikausha na kuvuna mbao zake, wakawatumia watumwa kuchimba mfereji. Lakini tangu mwishoni mwa karne ya 17 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu waliotoroka utumwa walikifanya kinamasi hichohicho kuwa makao yao, wakiishi juu ya visiwa vidogo vya ardhi kavu. Wanaakiolojia wamekuta humo alama za nguzo za nyumba zao na vipande vya zana. Kadhalika huko Louisiana, watoro walioishi katika vinamasi chini ya mji wa New Orleans walikata magogo ya mberoshi na kuyauza kwa wenye viwanda vya mbao, yaani walifanya kazi ileile waliyofanya walipokuwa watumwa, safari hii kwa ujira.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki halihitaji kufafanuliwa neno watoro. Katika karne ya 19, watu waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa walianzisha vijiji vyao bara, Fuladoyo kikiwa kimojawapo, katika nchi ambayo wenye mashamba hawakuwa na haja nayo. Katika nchi zote mbili hesabu ilikuwa ileile. Mtu aliyetiwa bei alitafuta mahali pasipo bei, kwa sababu hapo ndipo mwenye daftari alipokuwa hafiki.

Lakini maficho si uhuru kamili. Mwenye nyumba hulala, mwenye maficho husinzia. Kiongozi wa watoro wa Louisiana, aliyejulikana kwa jina la Saint Malo, alikamatwa na kunyongwa New Orleans mwezi Juni 1784. Kinamasi kilimficha kwa miaka, lakini hakikumpa haki yoyote ambayo angeweza kuidai mbele ya watu. Hali hiyo ndiyo inayoonyesha upungufu wa hekima ya mti usiofaa. Kama mtu anapona kwa sababu tu waliomzidi nguvu hawajafika alipo, basi utu wake haujakubaliwa bado, umeahirishiwa hukumu.

Na kwa miti pia imekuwa hivyo. Huko Longwood, Florida, palikuwa na mti ulioitwa The Senator, wa namna iliyo ndugu wa karibu wa mberoshi huu. Umri wake ulikadiriwa kufikia miaka 3,500. Mti huu haukusahauliwa: ulikuwa na bustani yake, na mwaka 1929 aliyekuwa rais wa Marekani, Calvin Coolidge, alikuja kuuzindulia kibao cha heshima. Usiku mmoja wa Januari 2012, mtu aliingia ndani ya uvungu wa shina na kuwasha moto ili apate mwanga. Uvungu ukawa bomba la moshi, mti ukaungua kutoka ndani hadi ukaanguka. Kasoro iliyowaokoa ndugu zake dhidi ya msumeno ndiyo iliyoupokea moto.

Vilevile, kutothaminiwa kumeua miberoshi mingi. Katika miaka ya 1950 na 1960, serikali ilichimba mfereji wa meli wenye urefu wa kilomita zaidi ya mia moja kutoka Ghuba ya Meksiko hadi New Orleans, ukapitia katika vinamasi ambavyo katika vitabu vya hesabu havikuwa kitu. Maji ya chumvi yaliingia kwa njia hiyo, na miberoshi, isiyostahimili chumvi, ikafa kwa maelfu ya ekari. Karibu na mtaa wa Lower Ninth Ward, ambao wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi, msitu uligeuka kuwa ziwa lenye visiki. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipokuja, hapakuwa na msitu tena wa kupunguza kasi ya mawimbi. Kuta za mji zilivunjika, na mtaa ule ukazama. Mfereji, ambao ulipitiwa na meli chache kuliko zilizotarajiwa, ulifungwa kwa mawe mwaka 2009.

Baada ya msiba huo lilipatikana jibu ambalo leo husikika katika kila mkutano wa mazingira: tatizo lilikuwa hesabu, basi hesabu isahihishwe. Kinamasi kitiwe bei inayostahili. Ihesabiwe thamani ya mawimbi kinayoyazuia, maji kinayoyasafisha, kaboni kinayoihifadhi na samaki kinaowalea. Kila kitu kikiandikwa katika daftari, hakuna mwenye akili atakayekiharibu.

Hoja hii haifai kudharauliwa. Mama wa Lower Ninth Ward aliyepoteza nyumba yake ana haki ya kuona hasara ile ikiandikwa kwa tarakimu, kwa kuwa mahakama na mabunge husoma tarakimu. Asiyetaka kuhesabu chochote huwaachia wenye tamaa uwanja wa hesabu. Lakini ina kasoro mbili ambazo hakuna tarakimu itakayoziondoa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba bei hujua kile tu kinachojulikana siku ya mauzo. Mkata miti wa mwaka 1900 alipouacha mberoshi mvungu, hakuacha kitu chenye thamani yoyote aliyoweza kuitaja. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1998, Stahle na wenzake walisoma miviringo ya ukuaji katika miberoshi ya kale ya Virginia, na wakaonyesha kwamba walowezi wa Kiingereza waliopotea katika kisiwa cha Roanoke waliachwa pale katika ukame mkali kuliko wote wa miaka 800, kati ya 1587 na 1589. Kumbukumbu ambayo hakuna mtu aliyeiandika ilikuwa imehifadhiwa na miti. Ni daftari gani la mwaka 1900 lingekuwa na safu ya kumbukumbu hiyo? Na ni kumbukumbu ngapi zilizopasuliwa zikawa mapaa na mapipa kabla mtu yeyote hajajua kuzisoma?

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, alitofautisha bei na hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa. Kisicho na mbadala kina hadhi. Kant aliiweka hadhi kwa viumbe wenye akili pekee, na wengi watakubali kwamba mti si mtu. Lakini kipimo alichokitoa kina nguvu kuliko mpaka aliouchora. Anayesema kinamasi kina thamani ya dola kadhaa kwa sababu kinazuia mawimbi, amekubali mapema kwamba ukuta wa saruji wa gharama nafuu ukipatikana, kinamasi kinaweza kuondoka. Hoja ya bei humlinda mlindwa mpaka atokee mpinzani wa bei nafuu. Watumwa walikuwa na bei, tena kubwa, na bei hiyo haikuwalinda hata siku moja. Ndiyo iliyotuma mbwa kuwafuata kinamasini.

Basi kati ya mti ulioachwa kwa kutofaa na mti unaolindwa kwa kufaa, pana njia ya tatu, ambayo lugha ya Kiswahili imeiandalia neno. Utu si sifa ya anayetendewa peke yake. Ni sifa ya anayetenda. Mtu huulizwa utu wake hasa mbele ya kile ambacho hakiwezi kumlipa wala kumdai: maiti, mgeni, mtoto asiyezaliwa, mnyama aliyefungwa. Mberoshi wa miaka elfu mbili uko katika orodha hiyo. Swali la kuuliza mbele yake si kama una haki kama mtu. Mabishano hayo yanaweza kuendelea. Swali ni huyu anayeishi miaka sabini ni mtu wa namna gani, anapokikata kwa mchana mmoja kitu ambacho vizazi thelathini baada yake haviwezi kukirudisha, na sababu yake ni kwamba hakuna aliyemzuia.

Wajibu wa namna hii una masharti magumu. Hautoshelezwi na kuuacha mti mzee usimame. Mberoshi hauzaliwi majini, na mahali ambapo kuta za mito zimelifanya bonde lifurike daima, mti unaweza kuachwa bila kuguswa na bado ukoo wake ukakatika. Kuheshimu kitu ni kuheshimu pia hali zinazokiwezesha kuwa na watoto. Aliyewaacha watoro waishi kinamasini bila kuwasumbua hakuwa adui yao, lakini hakuwa bado amewapa nchi.

Sehemu kubwa ya kingo za Black River leo ni hifadhi, na ilipatikana kwa njia ambayo ingemfurahisha Zhuangzi: shirika la uhifadhi, The Nature Conservancy, liliinunua ekari kwa ekari. Ili ardhi iondolewe katika soko, ilibidi kwanza ilipiwe sokoni. Miberoshi iliyoponea kutokuwa na bei sasa inalindwa na hati ya mauzo, na bahari inayopanda haisomi hati. Kinamasi kile kiko juu yake kwa kimo kidogo tu. Watafiti wanaofika huko kwa mitumbwi hutoboa shina kwa kekee nyembamba, huchukua kijiti cha mti chenye unene wa penseli, huhesabu miaka yake, na kuuacha mti ukiendelea kuishi. Kwa miaka elfu mbili na mia sita mti haukudaiwa sababu ya kuwapo kwake. Sasa maisha yake yamo mikononi mwa viumbe ambao swali lao la kwanza, tangu magotini, ni kina kazi gani.